Gunia Moja, Shilingi Elfu Nne

1 Julai

Mwaka mpya wa fedha umeanza leo, na hakuna aliyeupigia vigelegele ila mimi. Saa moja asubuhi nimewasha mashine ya ushuru na kubadilisha kiwango kama tulivyoelekezwa. Gunia la dagaa lililokuwa likitozwa elfu moja na mia tano sasa ni elfu nne. Risiti ya kwanza ilipotoka niliisoma mara mbili, kama mtu anayesoma matokeo yake ya mtihani.

Niandike hapa kwa sababu hapa Nyakisuru sina wa kumwambia. Kiwango hiki nimekipendekeza mimi. Mwezi wa Machi halmashauri ilitaka kila mkusanyaji aeleze mwalo wake, ufuko wa kushushia samaki, unawezaje kuongeza mapato. Wenzangu waliandika nusu ukurasa. Mimi, ambaye shahada yangu ya uchumi ilikaa kabatini kwetu Nyasura miaka minne, niliandika kurasa kumi na moja zenye michoro. Niliwauliza wanunuzi watatu wanaoleta malori hapa. Wote walisema ushuru ukipanda hawana shida, watalipa. Nikaandika: "Mzigo utabebwa na mnunuzi." Mkuu wa mapato alinipigia simu kunipongeza, akasema hajawahi kupokea taarifa ya namna ile kutoka mwaloni.

Wala sikutafuta sifa tu. Kule juu ya mwalo kuna boma la wodi ya wazazi. Kijiji kimelipandisha kwa nguvu zake mpaka kwenye renta juu ya madirisha, matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa udongo kwa sababu saruji iliwashinda. Sasa linangoja serikali iezeke, kama ilivyo desturi, kuta za wananchi na bati la serikali. Mkuu wa mapato ameniahidi kwamba tukifikisha lengo mpaka mwisho wa Septemba, litaezekwa kabla ya mvua za vuli. Kwa sasa mjamzito akizidiwa anapakiwa kwenye pikipiki hadi Murangi, na barabara ile hata mimi nisiye na mimba naishuka nimeshika kiuno.

4 Julai

Magunia thelathini na nane. Upepo mzuri.

9 Julai

Wenceslaus amekuja na lori lake kutoka Musoma. Ndiye mnunuzi mkubwa hapa, mtu wa kucheka na kila mtu. Alilipa ushuru bila neno, akanipa na pole ya jua. Halafu akawaendea wanawake wanaoanika. Msemaji wao ni Mama Nyamburi, ambaye pia ndiye mwenye chumba ninachopanga.

"Mama, debe leo ni elfu kumi na tatu."

"Wiki iliyopita si ulikuwa unanunuaga kumi na nne?"

"Ushuru umepanda, mama yangu. Siyo mimi, ni serikali. Si huyo madam hapo, muulizeni."

Wote wakageuka kunitazama. Nikajifanya nabadilisha karatasi ya mashine.

Gunia linaingia madebe matano. Ushuru umeongezeka elfu mbili na mia tano, yeye kawapunguzia elfu tano. Kwa hiyo ushuru wote wameulipa wanawake, na juu yake wamemwongezea bwana yule faida. Nimekaa na hesabu hiyo jioni nzima. Nimejiambia soko litajirekebisha, wanunuzi wengine watakuja na bei nzuri. Vitabu vinasema hivyo.

15 Julai

Magunia arobaini na moja. Hakuna mnunuzi mwingine aliyekuja.

20 Julai

Mbalamwezi. Siku hizi taa hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi yote iko nchi kavu na wavuvi wanalala kama watu wengine. Wanawake wanasukana, wanashona nyavu za kuanikia, wanacheka. Nikisogea wanahama kutoka Kiswahili kwenda Kijita, na mimi Msukuma wa Bunda Kijita sikijui. Neno moja tu ndilo ninalolikamata, "Ushuru." Ndilo jina langu hapa. Watoto wananisalimia, "Shikamoo Ushuru," bila utani wowote, wanadhani nilibatizwa hivyo.

Nacheka, lakini inaniuma. Nilikulia nyumba ya watu kumi na moja. Sijawahi kula peke yangu mpaka nilipopata kazi.

Tena nakula maharage. Mtu akisikia hataamini, mwalo mzima unanuka dagaa na mimi nakula maharage ya dukani. Sababu ni kwamba hakuna anayekubali kuniuzia. Wananipa bure, kopo limejaa, wanaweka mlangoni na kuondoka. Cha bure kwa mtoza ushuru ni rushwa, basi nalirudisha. Mara tatu nimerudisha, na mara ya nne hawakuleta.

4 Agosti

Mkuu wa mapato amepiga simu. Mwezi wa Julai mwalo wetu umeongoza halmashauri nzima. "Debora, wewe ni mashine kuliko mashine," kasema. Nilifurahi nikatoka nje nimwambie mtu. Nilisimama uani kidogo, nikarudi ndani.

5 Agosti

Nimepanda kuliangalia boma. Vyumba vitatu, ndani majani yameanza kuota. Nimesimama katikati ya chumba kikubwa nikahesabu vitanda vitakavyoenea. Vinaenea sita.

18 Agosti

Ugomvi. Magunia yameanza kunenepa. Gunia la madebe matano sasa linashindiliwa madebe saba, mdomo unafungwa kwa kamba iliyofumwa, na juu limevimba lumbesa. Ushuru ni kwa gunia, basi wamepunguza magunia. Wenceslaus ndiye aliyewafundisha, na vijana wake wanashindilia kwa miguu mpaka dagaa wa chini wanakuwa unga.

Nilimwambia hiyo ni lumbesa, imekatazwa. Akasema, "Madam, mashine yako inasoma gunia au inasoma debe?" Watu wakacheka. Kicheko hicho nilikistahili. Sheria inasema gunia, na mimi ndiye niliyeandika gunia, maana kupima kwa mzani kungechelewesha foleni. Na yale mavumbi ya dagaa waliopondwa ameyakataa, kasema ni hasara ya mwenye dagaa. Mama Nyamburi ameyazoa kwa mikono.

Jioni nilimpa kodi ya chumba, nikamwambia, "Pole kwa leo, mama."

"Nimepoa," akasema. Aliniangalia kwa muda kama anayengoja niongeze kitu.

29 Agosti

Magunia kumi na tisa.

7 Septemba

Niko Nyasura kwa siku mbili. Nyumba imejaa watu na nimelala vizuri. Baba amemaliza msimu wa pamba, anamenya muhogo chini ya ukingo wa paa, nikamsimulia yote. Ni mtu wa kwanza kumwambia.

"Kabla hujaandika ulimuuliza nani?" akasema.

"Wanunuzi, baba. Ndio wanaolipa ushuru."

"Wanaolipa, au wanaopeleka?"

Akachukua muhogo mwingine.

"Mimi nimelima pamba miaka arobaini, mwanangu. Bei ya huko duniani ikishuka, mimi. Ushuru ukipanda, mimi. Dawa ya wadudu ikichelewa, mimi. Wanunuzi nilikuwaga nawaona, kila msimu na gari lingine. Ungekuja kuniuliza mimi mbona ningekuambia bila shahada."

Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Aliendelea na muhogo wake. Nilisoma kwa pamba ya mtu huyu. Chuoni walitufundisha kwamba kodi humwangukia yule asiyeweza kuikimbia. Swali hilo nililijibu vizuri sana kwenye mtihani, na jibu lenyewe lilikuwa limenikalia mbele ya macho kwetu tangu nizaliwe. Lori linaweza kwenda mwalo mwingine. Dagaa waliokwisha kuanikwa hawawezi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Mnyamwezi wa Nyakisuru ni mwanamke mwenye karai.

9 Septemba

Nimerudi kupitia Butiama na Musoma. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Mama Nyamburi. Nimefika, nikamsalimia, nikaingia ndani.

18 Septemba

Mbalamwezi. Maharage.

26 Septemba

Mambo yameharibika. Wenceslaus hajaonekana siku kumi na mbili. Leo mvuvi mmoja wa kisiwa cha Rukuba amesema mitumbwi ya kisiwani haitaleta tena dagaa hapa. Wanavuka moja kwa moja kwenda mialo ya upande wa pili, kwenye halmashauri nyingine, ambako gunia ni elfu moja na mia tano kama zamani, na Wenceslaus ameshahamishia lori lake huko. Lumbesa ilimchosha yeye na vijana wake, kuhama ni rahisi zaidi.

Magunia sita kwa siku nzima. Chuoni tulichora mapato ya kodi kama mlima, unapanda, unafika juu, unashuka upande wa pili. Nilidhani ni mchoro tu. Kumbe upande wa pili ni huu, wanawake wamekaa na dagaa wakavu, safi kabisa, na hakuna wa kuwanunua.

Wanaouza wanauza kwa elfu tisa debe kwa wachuuzi wa pikipiki. Kuna mmoja amemtoa binti yake sekondari mpaka "hali itakapokaa sawa". Simtaji jina hata humu.

8 Oktoba

Simu ya mkuu wa mapato, safari hii bila utani. Lengo halijafikiwa, fedha za kuezeka zimepelekwa kata nyingine. "Jitahidi robo ijayo." Nikamwambia kiwango kishushwe, tumefukuza wafanyabiashara. Akasema, "Si taarifa yako mwenyewe ilisema watabeba?" Nikamwambia nilikosea. Akasema ushuru uko kwenye sheria ndogo, sheria ndogo haibadilishwi kwa sababu mtu mmoja amejuta.

Bwana Makongoro, mtendaji wa kijiji, ndiye atakayewatangazia wananchi. Nilimuomba nisiwepo.

17 Oktoba

Mbalamwezi, lakini mawingu yameufunika mwezi. Mvua ya kwanza.

29 Oktoba

Hapa kuna desturi moja. Mvua ikija ghafla na dagaa wako mchangani, anayeyaona matone ya kwanza anapiga yowe, na kila mtu anakimbia kuokoa. Haijalishi ni dagaa wa nani, hata mliogombana jana. Leo yowe limepigwa saa nane mchana. Nilikuwa kibandani kwangu, nikajikuta nimeshatupa viatu. Nilizoa kwa ufagio, kwa mikono, kwa sketi, bega kwa bega na Mama Nyamburi. Hakuna aliyesema Kijita, hakuna aliyesema Kiswahili, ilikuwa ni pumzi tu.

Tuliokoa kama nusu. Waliobaki wamelowa, na dagaa akilowa mara ya pili anageuka mweusi, anauzwa chakula cha kuku. Wakakaa chini ya kibanda changu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, wanawake kumi na wawili, tunavuja maji wote. Nikawaza, sema sasa. Mmoja akaanza kucheka jinsi nilivyokimbia, na wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ilikuwa tamu mno. Nikashindwa kuiharibu.

Mvua ilipokatika wakaondoka. Mimi ni mwoga. Naandika wazi ili nikisoma siku nyingine nisijidanganye.

3 Novemba

Mvua.

4 Novemba

Mvua. Magunia mawili.

6 Novemba

Mvua. Nimepanda bomani. Udongo kati ya matofali ya juu unateremka kama uji.

11 Novemba

Ukuta umeanguka.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani ni radi, lakini radi haiishii kwa kishindo cha namna ile. Tulipofika, ukuta mrefu wa upande wa ziwa ulikuwa umelala wote ndani ya chumba kikubwa, na ule wa katikati umeinama unausubiri. Hakuna aliyeumia. Kila mtu alikuwa akisema hivyo, "Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia," halafu anarudi kukitazama kifusi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ukuta ule. Aliokota tofali, akalipangusa kwa kanzu yake, akaliweka pembeni. Akaokota lingine. Mvua inanyesha, yeye anapangusa. Nilishindwa kuangalia.

Mama Nyamburi alisimama karibu yangu. Nilijua kwamba binti yake mkubwa alijifungulia njiani kwenda Murangi, mvua kama hii, na mtoto hakuishi. Yeye mwenyewe aliniambia mwezi wa kwanza nilipohamia, kabla sijawa Ushuru. Nilitaka kumshika mkono, nikaona sina haki hiyo.

Nimekaa ndani tangu asubuhi. Si mimi niliyeleta mvua. Lakini bati lilikuwa lije, na halikuja, na ninajua kwa nini halikuja kuliko mtu yeyote hapa kijijini. Mkutano wa kijiji ni tarehe kumi na nne. Nitasema. Nisiposema tarehe kumi na nne basi nifunge mizigo usiku huo huo, maana nitakuwa sifai kuangaliwa.

14 Novemba

Mkutano ulifanyika pale pale kando ya kifusi. Bwana Makongoro alifungua kwa maneno marefu. Mtu mmoja akalaumu Wenceslaus, mwingine akalaumu wavuvi wa Rukuba kwa usaliti, mwingine akasema ni serikali kuu, mwingine akasema ni fundi kwa kutumia udongo. Yule mzee fundi akainamisha kichwa. Hapo ndipo niliposimama. Sikunyoosha hata mkono.

Nilisema, "Naomba msimlaumu fundi. Ushuru wa elfu nne nilipendekeza mimi. Niliandika taarifa mwezi wa Machi. Niliandika kwamba wanunuzi ndio watakaobeba, na sikumuuliza mwanamke hata mmoja wa mwalo huu. Malori yalihama kwa sababu hiyo. Bati halikuja kwa sababu malori yalihama. Kosa langu nimelijua tangu Septemba na nimenyamaza. Naomba radhi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hata kwa jiwe. Hakukuwa na chochote. Watu waliniangalia tu, kisha wakamwangalia Mama Nyamburi. Akajifunga khanga upya, taratibu.

"Tunajua," akasema.

Nikadhani sijamsikia.

"Barua ya halmashauri ilibandikwa kwenye ofisi ya mtendaji tangu Juni. Bwana Makongoro alitusomea hapa hapa. Jina lako liko mstari wa pili, kwamba kwa mujibu wa taarifa ya Debora Machibya. Kijiji kizima kinajua, mpaka watoto."

"Na hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, na wewe ndiye uliyeandika? Mgeni akikuvunjia chungu unanyamaza, unaona atasema lini. Ukimwambia wewe, atasema ni paka. Tulikuwa tunakungojaga, mwanangu. Siku ya mvua ile, chini ya kibanda, mimi nilisema leo atasema. Ulicheka tu."

Miezi mitano. Miezi mitano nilidhani wananichukia kwa sababu ya mashine, nikajionea huruma, nikala maharage yangu kwa kiburi cha mtu anayeonewa kwa kazi yake. Kumbe nilikuwa nimeachiwa mlango wazi, na mimi ndiye niliyekuwa sipiti. Nililia mbele ya mkutano. Hakuna aliyenibembeleza na hakuna aliyenicheka.

Nilipomaliza Mama Nyamburi akasema, "Sasa hao wanunuzi uliwauliza maswali mangapi?"

"Kama ishirini."

"Haya. Kaa chini, tuulize sisi."

Nikakaa juu ya matofali. Nikauliza, nikaandika mpaka giza likanifukuza. Ndoo ya dagaa wabichi ni bei gani mtumbwini, nani ananunua gunia tupu, wakilowa ni hasara ya nani, ushuru ungekuwa wa kilo mngeona nafuu au taabu. Nimejua mengi zaidi kwa saa tatu kuliko kwa miaka mitatu ya chuo. Swali la mwisho nililiuliza kwa woga, je, mngekubali kutozwa chochote? Mwanamke yule aliyemtoa binti yake shule ndiye aliyejibu.

"Kutozwa siyo shida. Si tunataka wodi? Shida ni kutozwa na mtu ambaye hajatuuliza."

20 Novemba

Nimepeleka taarifa mpya mwenyewe, kwa mkono, yenye majina ya wanawake thelathini na mmoja. Kurasa nne, hakuna mchoro. Mkuu wa mapato ameisoma yote mbele yangu. Amesema ina maana, ataiingiza kwenye mapendekezo ya mwaka ujao wa fedha, kabla ya Julai hakiguswi kitu. Pia amesema mkataba wangu unaisha Desemba na hautaongezwa, kwa kuwa mwalo wangu umeshika mkia. Alisema kwa upole, nami sikubishana.

2 Desemba

Wenceslaus hajarudi. Amekuja mwingine, na lori dogo, ananunua kwa kumi na moja. Magunia tisa.

11 Desemba

Nimewaambia kwamba naondoka mwisho wa mwezi. Mama Nyamburi akasema, "Sawa," akaendelea kupepeta. Sijui nilitegemea nini. Kusema ukweli hakukunipa ndugu. Bado nakula peke yangu, na jioni bado ni ndefu.

19 Desemba

Mbalamwezi, wavuvi wapo nchi kavu, kwa hiyo kijiji kimeamua kuusimamisha ukuta upya, safari hii kwa saruji ya kuchangishana. Matofali mengine ya kuchoma yako tanuruni chini, lazima yabebwe mpaka juu. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Makongoro kukabidhi funguo za kibanda, nikakuta orodha ya mchango mpya imebandikwa ubaoni. Mara hii niliisoma. Kaya mia moja na kumi na mbili, kila moja matofali arobaini. Chini kabisa, kwa mwandiko wa Mama Nyamburi, ipo ya mia moja na kumi na tatu.

"Debora Machibya, kaya ya mtu mmoja. Matofali ishirini."

Nikamwambia mtendaji kwamba naondoka baada ya siku kumi na mbili, labda hawakukumbuka.

"Wamekumbuka," akasema. "Ndiyo maana wanataka uanze leo."

Leo nimebeba saba. Yamebaki kumi na matatu.